Aliyefuatwa kwa alama za damu: maisha ya Ishi, mwindaji wa mwisho wa Wayahi

Septemba iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Columbus, Ohio, kabla ya adhana ya alfajiri. Kwao ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Simu ya saa hizo ikilia unaanza kuhesabu watu wako mmoja mmoja, nani alikuwa mgonjwa, nani alikuwa safarini. Alhamdulillahi hakukuwa na msiba. Alikuwa amempiga kulungu kwa mshale, akampoteza.

Huko Marekani kuna msimu wa kuwinda kwa upinde, nao hufunguliwa mapema kuliko ule wa bunduki. Mtu hukata leseni, hupanda juu ya mti na kukaa kimya saa nyingi akiwa na upinde wa kisasa wenye kapi mbili, kama kapi za jahazi, zinazompunguzia uzito wa kuvuta. Nasema kulungu kwa kukosa neno. Mnyama wao si kulungu wa msitu wa Boni wala si paa wa Arabuko. Ni mkubwa kuliko hao, na pembe za dume zina matawi, hudondoka kila mwaka zikaota upya. Mpwa wangu alifundishwa na wenzake wa kazini, na hiyo ilikuwa Jumamosi yake ya kwanza.

Mshale ulimpata mnyama lakini kwa nyuma kidogo. Kulungu aliruka akaingia kichakani. Kijana naye, kwa pupa, akateremka mtini papo hapo akamfuata mbio. Hapo ndipo alipokosea. Mshale hauui kama risasi. Unaua kwa kumwaga damu, na mnyama aliyejeruhiwa akiachwa peke yake hulala chini karibu, akafia hapohapo. Ukimfukuza anapata nguvu ya woga, anakwenda maili. Wajuzi huisoma damu kwanza. Ikiwa ya waridi na ina povu, mshale umepita kwenye mapafu, subiri nusu saa na utamkuta. Ikiwa nyeusi nyeusi, ni ini, subiri saa kadhaa. Ikiwa imechanganyika na uchafu wa tumbo, usiende kabisa. Rudi baada ya saa sita, nane, hata zaidi. Lakini mwanzo wa msimu bado kuna joto, nyama huharibika upesi, na majani bado yako mitini yanaficha kila tone. Anayekawia anapoteza nyama, anayeharakisha anapoteza mnyama. Kijana alifuata matone mpaka yakawa tone moja kila hatua kumi, kisha giza likaingia.

Alikuwa na maswali mawili. La kwanza ni kama akimkuta kesho amekufa ataweza kumla. Nikamwambia mimi si sheikh, lakini chuoni tulisomeshwa kwamba aliyetaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuachia mshale, akamkuta windo baadaye halina alama nyingine ila ya mshale wake, ana njia ya kulila. Akilikuta ndani ya maji, aliache, kwani hajui kilichoua ni mshale au ni maji. Wanazuoni wana mengi hapo, nikamwambia awaulize. Swali la pili ni kama amemdhulumu yule mnyama. Hilo sikulijibu. Nilimsimulia habari za mtu mmoja, na kwa kuwa sikuimaliza, maana adhana iliingia, naimalizia hapa.

Mtu huyo anaitwa Ishi. Jina hilo si lake. Kwa lugha ya watu wake ishi maana yake ni mtu tu, mwanamume. Jina alilopewa na wazazi wake hakulitaja kwa yeyote mpaka anaingia kaburini, kwa sababu kwao haikuwa adabu mtu kujitaja mwenyewe jina kwa mgeni, na wale ambao wangeweza kumtambulisha walikuwa wamekufa wote.

Alizaliwa yapata mwaka 1860 kaskazini mwa California, katika mabonde ya Mill Creek na Deer Creek, vijito viwili vinavyoteremka kutoka upande wa mlima Lassen kwenda kumwaga maji katika mto Sacramento. Deer Creek ni kusema kijito cha kulungu. Watu wake ni Wayahi (msichanganye na Mayahudi), tawi la kusini la kabila la Wayana. Hawakuwa wengi, inakadiriwa kama watu 400. Walivua samoni mtoni, walisaga tunda za mialoni wakapika uji wake, na waliwinda kulungu kwa upinde. Nyama wakala, ngozi wakavaa, kano wakafanya nyuzi, pembe wakachongea mawe.

Mwaka 1848 dhahabu ilionekana California. Watu walimiminika kwa maelfu, na wengi njia yao ilipita pembezoni mwa nchi ya Wayahi. Ng'ombe walikula malisho, uchimbaji ukachafua mito, samaki wakapungua, kulungu wakafukuzwa. Wenye njaa wakaanza kuiba ng'ombe na unga, walowezi wakajibu kwa bunduki. Sitazitaja vita zote, na kwa kweli kuziita vita ni kuzipamba. Mwaka 1865 walishambuliwa alfajiri wakiwa wamelala kando ya Mill Creek, wakafa kama watu 40. Inaaminiwa kwamba Ishi, mtoto mdogo, alinusurika hapo pamoja na mama yake, na baba yake ndipo alipouawa.

Tukio la mwaka 1871 ndilo lililonifanya nimkumbuke Ishi usiku ule. Wachunga ng'ombe wanne walikuta mahali ambapo Wayahi walikuwa wamempiga ng'ombe dume mshale. Kulikuwa na alama za damu chini. Wazungu wale walizifuata. Siku ya pili wakafuata nyayo za watu wenyewe kwa mbwa, mpaka wakawazingira katika pango, wakaua watu kama 30, watoto wachanga wakiwamo. Mmoja wao alibadilisha silaha katikati ya kazi akatumia bastola ndogo, kwa sababu bunduki yake kubwa ilikuwa ikiwararua watoto vibaya mno mpaka mwenyewe ikamkera. Haya hayakusimuliwa na maadui zao. Walisimulia wao, na yakaandikwa.

Kwa hiyo elimu ya kufuata mnyama aliyejeruhiwa, ambayo Wayahi waliijua kama sisi tunavyojua bamvua na maji mafu, iligeuzwa ikawafuata wao. Ishi wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Waliobaki walikuwa wachache mno. Wakaamua kutoweka.

Walijificha karibu miaka 40. Mimi nimezaliwa Pwani ambako mtu akipika biriani mtaa wa pili wanajua, kwa hiyo jambo hili kila nikilifikiria linanizidi. Waliishi katika eneo la maili chache tu, huku mashamba ya ng'ombe yakiwazunguka. Walikanyaga jiwe hadi jiwe wasiache unyayo, na palipokuwa na unyayo walifunika kwa majani. Chini ya vichaka vya miiba walikuwa na vijia vya kupita kwa kutambaa, na matawi yaliyowazuia hawakuyakata kwa shoka, kwa sababu shoka lina mlio. Waliyapinda na kuyavunja polepole. Walishuka kwenye magenge kwa kamba kwenda kuteka maji. Moto waliuwasha mdogo sana, moshi usionekane. Na waliendelea kuwinda kwa upinde, kwa kuwa upinde haulii. Bunduki moja tu ingewatoa wote. Hata mnyama ilibidi apigwe kwa karibu, ili asikimbie mbali akiacha damu ambayo mtu mwingine angeweza kuifuata mpaka nyumbani kwao.

Mwaka mmoja ukipita anakufa mzee, mwingine mtoto. Kufikia 1908 walibaki wanne: Ishi, mama yake, dada yake, na mzee mmoja. Novemba ya mwaka huo wapima ardhi wa kampuni ya umeme walipita Deer Creek. Wawili kati yao walimkuta mtu uchi akivua kwa mkuki mtoni, naye akawafukuza kwa ishara na sauti. Kesho yake wenzao walipokuwa wakipenya kichakani, mshale ukapita karibu na mmoja wao. Wakaendelea, wakakuta kijiji: vibanda viwili vitatu vilivyofichwa mtituni. Dada na yule mzee walikuwa wakikimbia. Kibandani alilala mama yake Ishi, hawezi kutembea, miguu imevimba na kufungwa vitambaa, amefunikwa mablanketi ya manyoya.

Hawakumdhuru yule bibi. Lakini walichukua kila kilichochukulika: pinde, mishale, podo, vikapu, mablanketi ya manyoya, hata vyombo vya kupikia. Walisema ni kumbukumbu. Mmoja alisikia vibaya, akarudi kesho yake, hakukuta mtu. Ishi alimchukua mama yake akamhamisha, akafa siku chache baadaye. Dada yake na yule mzee hakuwaona tena maisha yake yote.

Alikaa peke yake karibu miaka mitatu. Hapo sina cha kueleza, kwani mwenyewe alipopata watu wa kusema nao hakupenda kuizungumza. Kwao marehemu hatajwi kwa jina.

Mwishoni mwa Agosti 1911 mbwa wa kichinjio kimoja karibu na mji wa Oroville walibweka usiku. Wachinjaji walipotoka walimkuta mtu amejibanza kwenye uzio, amekonda, nywele zimechomwa mpaka karibu na ngozi kama desturi ya kwao ya matanga. Alikuwa na miaka kama 50. Sherifu alimweka korokoroni, si kwa kosa, ila hakujua mahali pengine pa kumweka, na watu walikuwa wanajaa kumtazama. Walimsemesha Kihispania, Kichina, na lugha za makabila jirani, asijue hata moja.

Habari zilifika Chuo Kikuu cha California kwa mwanachuoni Alfred Kroeber, naye akamtuma mwenzake, Thomas Waterman, aende na orodha ya maneno ya Kiyana. Waterman alikaa naye chumbani akisoma neno baada ya neno, na mtu yule hakubadilika uso. Mpaka alipofika neno siwini, yaani msonobari wa manjano, akagonga mbao ya kitanda. Ishi akaishika ile mbao, akalirudia neno, na nyuso zao zote mbili zikafunguka. Nimesoma maisha ya wakubwa wengi. Sijasoma mkutano ulionigusa kuliko huo wa watu wawili na mbao ya kitanda.

Septemba 4 alifikishwa San Francisco, akapewa chumba katika jumba la makumbusho la chuo, karibu kabisa na hospitali yao. Baadaye akaandikwa kazi ya ufagizi kwa dola 25 kwa mwezi. Jumapili watu walikuja kumwangalia akiwasha moto kwa vijiti na kuchonga vigumba vya mishale. Wako wanaosema alifanywa kitu cha maonyesho, na wako wanaosema alipewa kwao. Mimi naona yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja. Serikali ilimwuliza kama angependa kurudi mlimani au kukaa na makabila mengine. Akakataa, akasema amezoea hapo. Majumba marefu hayakumshangaza, alikuwa amezoea magenge. Kilichomshangaza ni siku alipopelekwa ufukweni akaona umati wa watu mchangani. Hakuwa amejua kwamba duniani kuna watu wengi hivyo.

Mwaka 1912 akaja hospitalini daktari wa upasuaji, Saxton Pope. Huyu alikuwa mtu wa kupenda mambo: mazingaombwe, useremala, kila kitu. Aliitwa kumtibu Ishi na akaishia kuwa mwanafunzi wake. Ishi alimwita Kuwi, yaani mganga, na Pope naye hakuona aibu kukaa chini kufundishwa upinde na mfagizi wa makumbusho.

Upinde wa Ishi haukuwa mrefu, mita moja na kidogo, na kuuvuta kulitaka nguvu ya ratili kati ya 40 na 50. Mti wake aliupasua, mgongoni akaupaka kano za kulungu zilizotafunwa mpaka zikalainika, zikagandishwa kwa gundi ya ngozi ya samoni. Upote pia ulikuwa wa kano. Mishale aliinyosha juu ya makaa. Kigumba alikichonga kwa ncha ya pembe ya kulungu, akibinya vipande vidogo vidogo kutoka kwenye jiwe jeusi la volkeno ling'aalo kama kioo, au kutoka kwenye chupa ya bia iliyovunjika. Chupa zilimfaa sana. Upinde una heshima zake. Usiachwe umesimama, unachoka na kutoa jasho. Ulazwe. Mtu asiuruke, mtoto asiuchezee, mwanamke asiuguse. Wavuvi wetu wa Vanga na Faza watayaelewa haya bila kuelezwa, maana kila chombo cha riziki kina miiko yake. Na jioni aliweka ncha ya upinde kinywani akagonga upote kwa mshale, ikatoka muziki mdogo wa huzuni.

Katika shabaha za mchezo, mduara wa karatasi uliobandikwa, Pope na wenzake walimshinda. Ishi hakuona maana ya kupiga karatasi. Mwituni mambo yaligeuka. Siku moja kabla ya kuwinda hakula samaki wala kuvuta tumbako. Alfajiri alioga mtoni, akajisugua majani yenye harufu, akaosha kinywa, akaondoka bila kula. Alitembea akiukabili upepo. Alikuwa na ngozi ya kichwa cha kulungu iliyojazwa. Aliivaa kichwani, akajificha nyuma ya kichaka akaiinua na kuiteremsha mpaka mnyama mwenyewe, kwa udadisi, anamsogelea. Alibusu vidole vyake kwa namna ya kutoa sauti ya sungura anayelia, na wanyama walao nyama wakaja wenyewe. Alipuliza jani lililokunjwa akatoa mlio wa ndama wa kulungu, mama akatokea. Mshale hakuuachia mpaka mnyama awe hatua chache mbele yake. Kwa watu wasiotaka kuacha damu njiani, subira hiyo ndiyo ilikuwa kinga ya nyumba.

Mei 1914 wale marafiki walimchukua, yeye hataki, warudi pamoja Deer Creek. Alisema huko hakuna viti, hakuna vitanda, kuna baridi na kuna wafu. Lakini walipofika alifunguka. Walikaa wiki kadhaa, Kroeber, Waterman, Pope na mwanawe wa miaka 11, wakiogelea, wakiwinda, wakichora ramani. Ishi aliwaonyesha kila kitu: kijiji kilipokuwa, mahali pa kujenga uficho wa mawe kando ya njia ya kulungu, majina ya kila kona ya kijito. Kisha akawa wa kwanza kutaka kurudi mjini.

Ulikuwa umebaki mwaka na miezi. Aliishi mlango kwa mlango na hospitali, akizunguka wodini kuwatazama wagonjwa na kuwawekea mikono kwa huruma, na mwili wake haukuwa umewahi kukutana na maradhi ya mji. Kiangazi cha 1915 alikesha akifanya kazi ya lugha na mwanachuoni Edward Sapir, huku kifua kikuu kimeshamwingia. Alifariki Machi 25, 1916. Pope alikuwa akimhudumia.

Msomaji wangu, hapa nakuomba utulie, kwani sisi ni watu tunaojua haki ya maiti. Kroeber alikuwa New York. Alikwisha andika barua kukataza mwili usipasuliwe kwa elimu wala kwa udadisi, na ikiwa wataisingizia sayansi, basi sayansi hiyo na iende motoni. Alijua Ishi aliuonea vibaya upasuaji wa maiti, maana alikuwa ameushuhudia hospitalini. Barua ilichelewa. Maiti ilipasuliwa. Ubongo ukatolewa, na mwaka uliofuata ukapelekwa Washington kwenye taasisi ya Smithsonian, tena kwa idhini ya Kroeber yuleyule. Mwili ulichomwa moto pamoja na upinde wake, mishale mitano, kikapu cha unga wa mwaloni, pesa za shanga na tumbako, majivu yakawekwa katika chungu kwenye makaburi ya Colma, kusini mwa San Francisco.

Nimejaribu mara nyingi kumwelewa Pope. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Ishi, alikaa naye mpaka pumzi ya mwisho, na maandishi yake kuhusu upinde wa Wayahi yaliyotoka 1918 yamejaa heshima. Lakini alikuwa tabibu, na mazoea ya kazi yake yalimwambia maiti hupasuliwa. Alimfuata rafiki yake mpaka mwisho kisha mwishoni hapo akamkosea. Sina namna nyingine ya kulisema.

Baada ya hapo Pope hakuuacha upinde. Yeye na rafiki yake Arthur Young waliua dubu wakubwa Yellowstone mwaka 1920 kwa ajili ya makumbusho, na kitabu chake cha kuwinda kwa upinde kikasomwa nchi nzima. Mwaka 1925 wakaja hata huku kwetu, Tanganyika, kupiga simba kwa mishale, na watu wenye bunduki wakiwa nyuma yao. Nacheka kidogo kila nikikumbuka. Walivuka bahari kuja kuthibitisha kwamba upinde unaua, katika pande hizi ambako Wasanye wamekuwa wakiua ndovu kwa uta na sumu tangu enzi za mababu. Tena katika miaka ya 1950 wakubwa wa mbuga ya Tsavo wakawafuata Wasanye haohao, wakawakamata na kuwatia jela kwa kazi hiyohiyo. Leo kuwinda kumekatazwa Kenya tangu 1977, na ndugu zetu Waboni wa Lamu wangali wanauliza wale nini. Hayo yanataka makala yake.

Pope alikufa 1926 kwa homa ya mapafu. Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin likawa la kwanza kufungua msimu wa kulungu kwa upinde peke yake, mengine yakafuata, na chama cha wawindaji kilichoanzishwa 1961 kikapewa jina la Pope na Young. Jina la mwalimu halimo. Mpwa wangu juu ya mti wake Ohio, na kapi zake mbili, amepokea elimu iliyopita mikononi mwa mfagizi wa makumbusho, na hakuwa amelisikia jina lake.

Ubongo ulikaa Washington miaka zaidi ya 80. Watu wa asili wa California walikuwa wameanza kudai Ishi arudishwe kwao azikwe, na kulikuwa na uvumi tu kwamba kiungo kimoja hakipo. Mwaka 1999 watafiti wawili, Orin Starn na Nancy Rockafellar, waliufuata uvumi huo barua kwa barua, kumbukumbu kwa kumbukumbu, mpaka wakaukuta mahali ulipohifadhiwa. Taasisi ikakubali kwamba jamaa wa karibu zaidi ni watu wenye damu ya Kiyana walioko Redding na katika kabila la Pit River. Agosti 2000 waliupokea ubongo, wakauunganisha na majivu yaliyotolewa Colma, wakaenda nayo Deer Creek wakazika. Mahali hapajatangazwa.

Kijana aliamka kesho yake saa kumi na moja, akarudi msituni na tochi na mwenzake mmoja mzoefu. Walianza tangu tone la mwisho, wakizunguka kwa duara, wakipanua duara kila mara. Mchana alinipigia. Hawakumkuta. Walikuta mahali alipolala, majani yamelazwa na damu imeganda, kisha mnyama aliinuka akaondoka. Alikuwa amechoka, sauti imekauka. Akaniuliza kama Ishi naye aliwahi kumpoteza mnyama. Nikamwambia lazima aliwahi, kila mwindaji huwahi. Akasema kazini amepewa siku moja zaidi, anarudi kutafuta tena.